Kila Shairi Lina Geti

Siku Inès aliposikia maneno ya marehemu baba yake yakitoka kinywani mwa mwanaume mwingine, alikuwa ameshika sahani ya wali na kuku, na bahati ya huyo mwanaume ni kwamba walitenganishwa na meza kadhaa za wageni waheshimiwa. Vinginevyo huo wali ungepata mahali pengine pa kukaa.

Ilikuwa harusi, kwenye ukumbi wa kanisa kule Rosettenville. Mshereheshaji alikuwa Elisée, yule wa suti ya buluu inayong'aa, ambaye Warundi na Wakongo wa kusini mwa Johannesburg hawaoani bila yeye. Alifumba macho, akakisogeza kipaza sauti mdomoni kana kwamba anataka kukila, akaanza kwa sauti ya taratibu:

*Ukipita mtaani, mbwa husahau kubweka,*
*Taa za barabarani, nyekundu hubadilika,*
*Nami mlinzi getini, ufunguo hudondoka,*
*Jina lako mdomoni, tamu lisilotoweka.*

Vigelegele vikapasua dari. Bibi harusi alilia mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Elisée aliinama, mkono kifuani, akasubiri kelele zipungue.

"Hilo nimelitunga mwenyewe," akasema. "Na mashairi yapo mengi, mabibi na mabwana. Kitabu changu kinatoka mwezi ujao. Tutakizindua Midrand, kwenye ukumbi wa maana. Mje wote, mvae vizuri."

Inès aliweka sahani chini. Alimvizia Elisée nyuma ya ukumbi, karibu na jenereta, akamkuta anajifuta jasho.

"Kaka Elisée, lile shairi ni la baba. Ni la mzee Balthazar."

Elisée hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomuudhi Inès kuliko yote.

"Dada yangu, mzee nilimheshimu sana. Mais lakini, maneno yapo hewani, kila mtu anavuta. Kama ni ya mzee, nioneshe karatasi. Moja tu, yenye mkono wake. Ukinionesha, mbele ya watu nabadilisha jina kwenye jalada. Sawa, sharp?"

Akamgonga bega kidogo, kama unavyomgonga mtoto aliyeuliza swali la kijinga, akarudi ndani kwenye vigelegele vyake. Alijua alichokuwa anakisema. Alijua karatasi hiyo Inès hana.

Hapa lazima tumweleze mzee Balthazar, maana bila kumjua hutaelewa kwa nini binti yake, fundi cherehani mwenye akili timamu, hakuwa na hata mstari mmoja wa baba yake. Alikuwa mtu wa Bwiza, Bujumbura, mwembamba, mpole, mwenye masikio makubwa. Johannesburg ilimpa kazi ya kulinda geti la jengo la ghorofa huko Turffontein, na hapo getini akageuka kuwa kimbilio la wanaume wasiojua kusema. Mwanaume akimpenda mwanamke na ulimi ukamganda, alikwenda getini. Mzee alimkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamhoji: huyo mwanamke anachekaje? Akikasirika mikono anaipeleka wapi? Akimaliza alisema, "Rudi kesho." Kesho yake shairi lilikuwa tayari, limeandikwa kwa kalamu, herufi zake ndefu zimelala upande mmoja, nyuma ya programu ya mbio za farasi. Karatasi hizo aliziokota nje ya uwanja wa mbio watu walipokwisha kuondoka; alizipenda kwa sababu ni nzito na hazinywi wino. Ndiyo maana nusu ya mapenzi ya kusini mwa Johannesburg upande mmoja yana shairi na upande wa pili yana majina ya farasi.

Na chini kabisa, mahali pa jina, aliacha wazi. Hapo mwenye haja aliweka saini yake mwenyewe. Huo ndio ulikuwa uzuri wa kazi, na sasa ndio ulikuwa ubaya wake. Nakala hakuweka. Kila alichokiandika alikitoa, akakisahau, akaendelea kufungua geti.

"Na wewe, mama?" Inès alimuuliza mama yake usiku huohuo wa harusi. "Hakukuandikia hata barua moja?"

Mama Spéciose alikuwa anakunja nguo. Alimtazama binti yake kwa mshangao wa kweli.

"Mimi nilikuwa naye mwenyewe ndani ya nyumba. Barua ya nini?"

Inès alikuwa na muda mfupi. Matanga ya baba yake yalikuwa yanakaribia kumalizwa, na kwao Warundi siku hiyo, wanayoiita kuganduka, si siku ya kula nyama tu. Katika ukoo wa kina Balthazar kulikuwa na desturi yao: mbele ya watu wote huulizwa, mara tatu, kama kuna mtu ameshika kitu cha marehemu. Anayekileta haulizwi alikipataje. Hupigiwa makofi, hupewa bia, anakaa. Ikipita mara ya tatu, mkubwa wa ukoo anatamka kwamba marehemu hana tena kitu mikononi mwa mtu, na kuanzia hapo ni mwiko kwa jamaa yeyote kugonga mlango wa mwenzake akidai cha marehemu. Kwa maneno mengine, siku hiyo ikipita bila karatasi, Inès angetakiwa afunge mdomo, na juma linalofuata Elisée angepanda jukwaani Midrand na mashairi ya mzee yakiwa na picha yake mwenyewe kwenye jalada.

Basi akaanza kuzunguka. Na kama mtoto aliyelelewa vizuri, aliwaendea wenye nyumba, wanaume wenyewe, wale waliokalia ndoo ya getini.

Alianza na Octave, Mkongo wa Uvira, fundi wa kunyoosha magari yaliyogongwa, mtu mkubwa wa mwili kuliko milango anayoinyoosha. Octave alikuwa amelala chini ya gari, miguu nje. Inès alipotaja barua, miguu ilitulia. Kisha Octave akajitoa polepole, nyundo mkononi.

"Barua gani?"

"Ile baba aliyomwandikia Mama Glody, kwa niaba yako, kabla hamjaoana."

"Miye niliandika na mukono yangu!" Octave aliunguruma, akaangalia kulia na kushoto kama kuna mtu amesikia. "Na mukono yangu hii! Mutoto ya Balthazar, nakuheshimu, lakini usirudi tena hapa na hiyo habari."

Kutoka hapo akaenda kwa Alexis kinyozi, ambaye aliongeza sauti ya mashine ya kunyolea mpaka maswali yote yakamezwa. Akaenda kwa mchungaji mmoja, naye akamwambia binti yangu una huzuni, acha tukuombee, akamwekea mkono kichwani hapohapo, na Inès akatoka na baraka badala ya barua. Kila mwanaume alikuwa ameandika mwenyewe. Ukiwasikiliza, Turffontein nzima ilikuwa imejaa watunzi, na mzee Balthazar alikuwa anafungua geti tu.

Jioni Inès alirudi nyumbani, akajitupa kwenye kiti, akalia kwa hasira. Alimlilia baba yake na alimlilia Elisée kwa jinsi nyingine kabisa.

"Eish, wanaume," mama yake alisema. Akarudi jikoni.

Msaada ulikuja umejifunga kitenge. Agnès, mke wa Octave, yule anayeitwa Mama Glody, alifika kwenye kibanda cha kushonea cha Inès, huko Rosettenville, kupimwa nguo ya kuvaa siku ya kuganduka. Alinyoosha mikono apimwe kifua, na huku amesimama hivyo kama mtu aliyekamatwa na polisi, akaanza kucheka.

"Nimesikia ulienda kwa bwana yangu."

Inès aliona aibu. "Nisamehe, Mama Glody. Sikutaka kuwagombanisha."

"Unisikilize, mutoto. Ulienda kuuliza wanaume. Wanaume wanachungaka barua? Octave hajui hata soksi zake ziko wapi!" Akashusha mikono, akafungua mkoba, akatoa bahasha ya nailoni, na ndani ya nailoni kitambaa, na ndani ya kitambaa karatasi. "Sisi wanawake ndio tunachungaka."

Inès aliiona kabla haijafunguliwa vizuri. Farasi upande mmoja. Upande wa pili mkono wa baba yake, herufi ndefu zilizolala, kama nyasi zilizopigwa na upepo. Akaketi kwenye rundo la vitambaa vya watu.

*Nami mlinzi getini, ufunguo hudondoka,*
*Anyesi u mdomoni, tamu isiyotoweka.*

Anyesi. Mzee alikuwa amemwandika kwa jina, kama anavyoitwa kwao. Elisée alikuwa amelitoa jina la mwanamke na kuweka pengo ambalo kila bibi harusi angeweza kujitia. Na chini, kwa herufi nene za mtu asiyezoea kalamu, palikuwa na saini: Octave.

"Kwa hiyo ulijua?" Inès aliuliza. "Ulijua kwamba si yeye?"

"Nilijua siku ileile! Unasoma hapa: mulinzi getini. Bwana yangu hakukuwaka mulinzi hata siku moja. Anapiga magari nyundo! Nikajiuliza, sasa hii geti imetoka wapi?" Agnès alipangusa machozi ya kicheko. "Lakini mwanaume amejisumbua mpaka kwenda kukaa kwenye ndoo ya mutu, anaeleza namna ninachekaka... Huyo ananipenda. Nikakubali."

"Nipe, Mama Glody. Tafadhali. Hata niioneshe tu."

Kicheko kikakoma. Agnès aliikunja karatasi, ikaingia kwenye kitambaa, kitambaa kikaingia kwenye nailoni.

"Hapo ndipo kuna shida. Octave anafikiri sijui. Miaka yote hii anatembea akijivuna kwamba aliniandikia. Siwezi kumvua nguo mbele ya watu."

Alipoondoka, Inès alibaki na futi ya kupimia shingoni na kichwa kinazunguka. Mashairi yapo! Hayakupotea, hayakuoza, yamefungwa kwenye nailoni kwenye mikoba na chini ya magodoro ya wanawake, salama kuliko benki. Alikuwa amegonga milango sahihi, ila alikuwa amewauliza watu wasiohusika.

Siku zilizofuata alizunguka upya, mara hii akienda saa ambazo wenye nyumba hawapo. Mke wa kinyozi alikuwa nayo. Mke wa mchungaji alikuwa nayo, ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Ruthu. Kila mmoja alimfungulia, akamwacha asome pale pale, akacheka, akaikunja tena. Na kila shairi lilikuwa na geti. Mwenye mpenzi muuza mboga aliandikiwa geti linalosikia harufu ya dania kabla hajafika. Mwenye mpenzi mkali aliandikiwa geti linalojifunga lenyewe kwa woga. Mzee hakuwahi kuweka jina lake popote, lakini hakuweza kujizuia kusimama humo ndani na funguo zake. Inès aliyasoma mara mbilimbili. Alijivunia baba yake kiasi kwamba alitaka kutoka nje na kupiga kelele barabarani.

Na kila mwanamke alimpa jibu lilelile la Agnès: kutoa siwezi, bwana yangu ataaibika.

Inès alikaa akafikiri, na akiwa anapiga pindo la nguo ya mtu ndipo ilipomjia. Desturi. Anayeleta kitu cha marehemu haulizwi amekipataje. Hakuna wa kusema nani aliandika, nani alisaini, nani alimdanganya nani. Unaleta, unapigiwa makofi, unakunywa bia yako. Akawarudia wanawake, mmoja mmoja, akawaeleza. Wakasema watafikiri. Agnès peke yake alisema, "Nitaiweka kwenye mukoba. Kusimama, hiyo sijui."

Mambo yakawa yanaelekea mahali pazuri, mpaka baba yake mdogo, Égide, mkubwa wa ukoo waliyebaki naye huku, alipotangaza nani atakuwa mshereheshaji.

"Elisée!" Inès alisimama. "Baba mdogo, Elisée? Mwizi wa maneno ya kaka yako ndiye atamfungia matanga?"

"Nani mwingine ana suti na mdomo kama ule?" Égide alijitetea. "Tena amejitolea mwenyewe. Amesema ni heshima kwa mzee."

"Heshima! Anataka ahakikishe midomo yetu imefungwa vizuri!"

Mama Spéciose, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, hakuinua hata macho.

"Mwacheni aje," alisema. "Tunaita watu walioshika kitu cha marehemu. Sasa yeye asiwepo?"

Siku ya kuganduka jua liliwaka vizuri. Hema lilisimamishwa uani kwa Égide, Turffontein, na watu wakajaa mpaka kwenye ukuta wa jirani. Walisali, wakala, wakanywa. Mama Spéciose alivuliwa nguo za msiba, akavishwa kitenge cha manjano ambacho binti yake alikuwa amekishona kwa siri, na wanawake walipomwona wakaimba. Inès alikuwa anazunguka na sinia la vikombe vya soda, lakini macho yake yalikuwa kwenye mikoba. Mke wa kinyozi alikuwa ameukumbatia wake. Mke wa mchungaji alikuja na Biblia. Agnès aliuweka wake mapajani, akaufunika kwa mikono miwili, na pembeni yake Octave amekaa ndani ya koti linalombana.

Elisée alishika kipaza sauti. Suti ya buluu, tabasamu pana, na kando yake mkewe Murielle, mwanamke mtulivu aliyekuwa amezoea kushikishwa koti na karatasi za mumewe.

"Sasa tunafika kwenye desturi ya familia," Elisée alisema. "Mwenye kushika kitu cha marehemu Balthazar, akilete. Ninauliza mara ya kwanza!"

Watu walitazamana. Inès alimtazama Agnès. Agnès alitazama mkoba.

"Ninauliza mara ya pili!" Hakupumzika hata kidogo kati ya moja na pili. Mtu mmoja alikohoa. Mke wa mchungaji alifunua Biblia, akaifunika. Inès alisimama na sinia lake katikati ya viti. Mashairi yote yako hapa, alijiambia, yako ndani ya hema hili, mbele ya macho yangu, na yataondoka hivihivi.

Kama Elisée angeuliza mara ya tatu papo hapo, watu wangekwenda nyumbani, na hadithi hii ingekuwa ya majonzi. Lakini mtu aliyezoea vigelegele hawezi kuvumilia ukimya. Aliona watu wamenyamaza, akadhani wamechoka naye, akataka kuwachangamsha.

"Kabla sijauliza mara ya mwisho," alisema, mkono kifuani, "nimpe mzee wetu zawadi yangu ndogo, niliyoitunga mwenyewe." Akafumba macho.

*Ukipita mtaani, mbwa husahau kubweka...*

Octave alinyanyua kichwa.

*Nami mlinzi getini, ufunguo hudondoka,*
*Jina lako mdomoni...*

"Hapana!"

Kiti kilianguka. Octave alikuwa amesimama, na akisimama Octave hema linaonekana dogo.

"Hapana! Hapo hakuna 'jina lako'! Hapo ni Anyesi! *Anyesi u mdomoni!* Weye umetoa jina ya bibi yangu!"

Elisée alifumbua macho. "Papa Glody, tulia, hili ni langu..."

"Yako wapi! Nilikupa usome siku ya ndoa yangu, ukaiweka kichwani, ukamufuta bibi yangu! Hiyo ni ya Agnès! Niliikalia kwenye ndoo, jua inaniunguza, namueleza mzee namna bibi yangu anachekaka, na mzee akaandika! Mzee Balthazar! Na mukono yake!"

Watu wote walimgeukia. Ndipo Octave mwenyewe alipojisikia alichokisema. Uso wake mkubwa ukabadilika, akageuka polepole kumtazama mkewe, kama mtu aliyeangusha kitu cha kioo na anasubiri kukisikia kinavunjika.

"Agnès," alisema kwa sauti ndogo. "Miye... haikukuwa miye."

"Najua," Agnès alisema.

"Unajua?"

"Tangu siku ileile. Weye na geti wapi na wapi?" Alikuwa amekwisha kufungua mkoba. Nailoni, kitambaa, karatasi. Akasimama pembeni ya mumewe, akamshika mkono, na kwa mkono wake wa pili akainua karatasi juu ili farasi waonekane na watu wote. "Tumeshika kitu cha marehemu. Tunakirudisha."

Mama Spéciose ndiye aliyeanza kupiga makofi. Inès hakungoja kuambiwa. Alimwaga vikombe kutoka kwenye sinia, akakimbia nalo, akaipokea karatasi ya kwanza.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia. Mke wa kinyozi alisimama, na Alexis akasimama naye akiona haya kama bwana harusi. Mke wa mchungaji alitoa yake kwenye Ruthu, akamwambia mumewe, "Baba, hata wewe hujalinda geti isipokuwa la mbinguni," na mchungaji akacheka mpaka akashika tumbo. Wanaume waliokuwa wamemfukuza Inès sasa walikuwa wanasukumana kwenye mstari, kila mmoja akitaka watu wajue kwamba lililo bora zaidi mzee alimwandikia yeye. Sinia likajaa. Bia zikafunguliwa. Octave alikuwa anamwelezea kila aliyetaka kusikia jinsi ndoo ile ilivyokuwa na joto.

"Yasomwe!" mtu alipaza sauti nyuma, na wengine wakaitikia. "Yasomwe!"

Inès aliiweka karatasi ya juu mkononi mwa Elisée.

"Soma, kaka. Wewe ndiye mwenye sauti."

Elisée angefanya nini? Alisoma. Alisoma la muuza mboga na la mwanamke mkali, na kila geti lilipotajwa hema zima liliitikia, "Balthazar!" Jasho lilikuwa limeilowesha suti ya buluu kwapani. Ila, na tumpe haki yake, alisoma vizuri. Inès alisikia maneno ya baba yake yakipanda juu ya ukuta wa jirani, jina lake likifuata nyuma ya kila moja, na alilia bila kujifuta.

Mwisho wa mstari alibaki mtu mmoja. Murielle. Alikuwa ameliweka koti la mumewe juu ya kiti, na mkononi ameshika karatasi nzito iliyokunjwa mara mbili.

"Na hii," alisema.

Elisée aliitazama kama inauma. "Murielle, si hapa."

"Soma, Elisée. Ulikuwa unanisomea vizuri."

Aliifunua. Sauti ilitoka kwa shida, kisha ikapata njia, maana maneno mazuri hayamwachi msomaji wake akwame:

*Wengi huja na magari, geti nawafungulia,*
*Wapita kwa ufahari, macho sijawatupia,*
*Murieli ukijiri, geti naliachilia.*

Akaanza kuikunja karatasi.

"Kuna jina chini," Murielle alisema.

"Elisée," alisoma Elisée, karibu kwa kunong'ona.

"Na nani ameandika?"

Hema lilingoja. Elisée aliitazama ile karatasi kwa muda, akamtazama mkewe, ambaye hakuwa na hasira usoni, alikuwa anangoja tu. Kisha akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Balthazar," alisema. "Balthazar ndiye aliyeandika. Hili na mengine yote mliyonipa niyasome kwenye harusi zenu. Nilikwenda getini kama ninyi."

"Na jalada?" Inès aliuliza. Hakupaza sauti, hakuwa na haja.

"Nilikuambia karatasi moja tu, dada Inès." Elisée alitazama sinia, akatikisa kichwa. "Jalada litakuwa na jina lake. Na Midrand nitasoma mimi, kama utaniruhusu. Nitasema ni ya nani."

"Nitakuwa nimekaa mbele," Inès alijibu. "Nitasikia kama umeruka jina la mtu."

Watu walipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Murielle aliiweka karatasi yake kwenye sinia, na Elisée akapewa bia, kwa sababu desturi ni desturi.

Égide alisimama sasa, akarekebisha kofia, akaomba utulivu. Mara ya tatu ilikuwa bado haijaulizwa; akaichukua yeye mwenyewe, apate kufunga. Alisafisha koo.

"Ninauliza mara ya mwisho. Kama hakuna mwingine, basi natamka kwamba ndugu yangu Balthazar hana tena kitu miko..."

"Ngoja!" Mwanamke mmoja alikuwa anaingia uani anahema, viatu mkononi, alikuwa amekimbia nyumbani kwake. "Mimi ninazo mbili! Mume wangu alikosea kunieleza mara ya kwanza, akarudi getini!"

"Na dada yangu yuko Rosettenville, anakuja na yake!" mwingine alipaza sauti. "Amepanda teksi sasa hivi!"

"Ya kwangu iko kwa mama mkwe, nipeni mpaka kesho!"

Égide alimtazama shemeji yake. Mama Spéciose alikuwa amekaa wima ndani ya kitenge chake cha manjano.

"Sijawahi kuona," Égide alisema. "Inès, nifanyeje? Kwetu hatujawahi kushindwa kufunga."

Inès alikuwa amelikumbatia sinia kifuani. Alitazama watu waliokuwa wanaingia getini kwa Égide, wengine wakikimbia, wengine wakitafuta pa kuegesha, wote wakiwa na kitu mkononi.

"Usifunge, baba mdogo," alisema. "Kalete sinia lingine."